Mara mbili kwa mwaka: kisa cha Alaska na saratani ya ini

Kijiji kiko kando ya maji, katika delta ya mito Yukon na Kuskokwim, magharibi mwa Alaska. Barabara ya kwenda kijiji kingine hakuna. Majira ya joto watu husafiri kwa boti, mto ukiganda hupita juu ya barafu kwa pikipiki za theluji, na mwaka mzima tegemeo la safari ndefu ni ndege ndogo, hali ya hewa ikiruhusu. Katika zahanati ya chumba kimoja au viwili, mhudumu wa afya, mtu wa kijijini hapo hapo, anamfunga mwenzake mkono kwa mpira, anapapasa mshipa, anatoa damu chupa moja. Anaiacha igande. Kisha anaizungusha kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zikae chini na majimaji ya rangi ya manjano yabaki juu. Anayahamishia kwenye kichupa kidogo, anabandika jina na tarehe, anasubiri ndege. Kichupa kitakwenda Bethel, na kutoka Bethel hadi Anchorage, kilomita zipatazo 640 angani.

Aliyetolewa damu haumwi popote. Pengine asubuhi alikuwa anatengeneza nyavu zake. Amekuja kwa sababu ameandikiwa barua, kama alivyoandikiwa miezi sita iliyopita na kama atakavyoandikiwa miezi sita ijayo. Ana virusi vya homa ya ini B, na ndani ya kile kichupa wanatafuta dalili ya saratani ambayo mwenyewe hawezi kuihisi.

Mpango huu ulianza mwaka 1982. Nimekichagua kisa hiki, miongoni mwa vyote ninavyovijua kuhusu kugundua saratani ya ini kwa damu, kwa sababu mazingira yake yanatuhusu zaidi kuliko hospitali kubwa za Tokyo au London. Hapa ni vijiji vilivyo mbali, mashine chache, madaktari bingwa wako mjini, na ugonjwa umeanzia utotoni. Tena kinajibu swali ambalo watu wengi wanaobeba virusi hivi huniuliza: hiki kipimo cha damu, kinasaidia kweli?

Tuanze na tatizo lenyewe. Miongoni mwa wenyeji wa asili wa Alaska, hasa Wayup'ik wa delta ile, homa ya ini B ilikuwa imeenea kwa kiwango kikubwa mno, na watoto waliipata wakiwa wadogo. Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua mengi. Mtoto anayepata virusi wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa karibu 90% wa kubaki navyo maisha yake yote. Mtu mzima akiambukizwa, uwezekano huo ni chini ya 5%, kwa maana mwili wake huvishinda. Kwa hiyo virusi vinavyopita kwa watoto hujenga kizazi kizima cha wabebaji, na miaka baadaye saratani huanza kuchukua mmoja mmoja. Kule Alaska haikungoja uzee. Ilikamata vijana wa sekondari, hata watoto.

Mwaka 1981, watu 1,578 katika vijiji 15 walichanjwa katika utafiti wa kupima chanjo mpya ya homa ya ini B. Ilifanya kazi. Ukafuata mpango wa jimbo zima: zaidi ya wenyeji 50,000 wakapimwa damu, waliokuwa salama wakachanjwa, watoto wachanga wakaanza kuchanjwa wanapozaliwa. Katika historia ya chanjo hiyo, sijui mahali pengine ambapo jamii nzima ilifikiwa upesi namna ile.

Lakini ukipima watu wengi kiasi hicho, lazima uwakute wale ambao chanjo haiwafai kitu, kwa kuwa virusi vimeshaingia. Unamwambia nini mtu huyo? Dawa haikuwepo. Interferoni iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1992, na lamivudini mwaka 1998. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 daktari aliyempa mtu jibu hilo hakuwa na kidonge cha kumpa. Hali hii tunaijua vizuri kwetu pia: mtu anakwenda kuchangia damu kwa ajili ya ndugu yake, anaitwa pembeni, anaambiwa damu yako haifai, una homa ya ini. Anarudi nyumbani na karatasi, na hapo ndipo habari inapoishia.

Timu ya Anchorage, iliyoongozwa na daktari Brian McMahon, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Bethel, haikukubali iishie hapo. Waliwaandika wabebaji wote kwenye rejesta moja, wakaamua kuwapima kila baada ya miezi sita protini inayoitwa alfa-fetoproteini, kwa ufupi AFP.

Protini hii ina habari yake. Mtoto akiwa tumboni, ini lake huitengeneza kwa wingi. Akishazaliwa kiwango hushuka, na kwa mtu mzima mwenye afya huwa kidogo sana, kwa kawaida chini ya nanogramu 10 katika mililita moja ya damu. Mwaka 1963 Garri Abelev na wenzake huko Moscow walionyesha kwamba panya wenye saratani ya ini huanza tena kuitengeneza. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta kwenye damu ya binadamu mwenye saratani hiyo. Ni kana kwamba seli ya ini ikishaharibika hurudia tabia za utotoni. Siyo kila uvimbe hufanya hivyo, na hilo tutalirudia.

Kwa nini wasitumie ultrasaundi? Swali hili huulizwa na kila mtu anayejua kwamba leo miongozo mingi huweka ultrasaundi mbele. Jibu ni rahisi: mashine na anayejua kuisoma walikuwa mjini. Kumsafirisha kila mbebaji kwa ndege mara mbili kwa mwaka, kwenda na kurudi, mwaka baada ya mwaka, kusingewezekana. Kichupa cha damu kinasafiri kwa gharama ndogo. Basi wakapanga damu iwe ndiyo mlango: wachache ambao AFP yao imepanda ndio watakaopanda ndege kwenda kupigwa picha.

Kuna mtego walioujua tangu mwanzo. Mwanamke mjamzito AFP yake hupanda, maana ini la mtoto wake linafanya kazi yake. Kwa hiyo kipimo kikawekwa kwa wanaume na kwa wanawake wasio wajawazito, na jibu likija juu kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, jambo la kwanza kuuliza ni mimba. La pili ni kama ini limewaka, yaani virusi vimechachamaa na seli zinakufa na kuzaliwa upya. Hapo pia AFP hupanda, kisha hushuka yenyewe. Unarudia kipimo. Kikiendelea kupanda, picha.

Mwaka 2000 walichapisha matokeo ya miaka 16. Wabebaji 2,230 walikuwa wamefuatiliwa. Wengi wa waliogundulika na saratani walikutwa uvimbe ukiwa bado mdogo kiasi cha kuweza kukatwa. Baada ya miaka mitano, 42% ya waliogunduliwa kwa njia hii walikuwa hai. Baada ya miaka kumi, zaidi ya robo. Kwa saratani ambayo ikigunduliwa kwa maumivu huua ndani ya miezi, hizo ni namba za kumfanya mtu asimame.

Hata hivyo mchambuzi mwaminifu hapaswi kusimama hapo, na mimi sitasimama. Wagonjwa hawa walilinganishwa na wagonjwa wa miaka ya nyuma, wale wa kabla ya mpango. Hapakuwa na kundi la pili lililoachwa bila kupimwa kwa wakati ule ule. Ulinganisho wa namna hiyo unaweza kudanganya, na unadanganya kwa njia ambayo watu wengi hawaioni.

Chukua mtu ambaye saratani itamuua mwaka 1990, iwe iwavyo. Akija hospitali mwaka 1989 na tumbo limejaa maji, tutasema ameishi mwaka mmoja. Tukiigundua mwaka 1986 kwa damu, tutasema ameishi minne. Kaburi ni lile lile na tarehe ni ile ile; kilichoongezeka ni miaka ya kujua. Juu ya hapo, uvimbe unaokua polepole una nafasi kubwa zaidi ya kunaswa na kipimo cha kila miezi sita kuliko ule unaokua kwa kasi, kwa hiyo wanaonaswa ni wale waliokuwa na afadhali tangu mwanzo.

Je, hayo yanatosha kufuta matokeo ya Alaska? Kwa maoni yangu, hapana. Miaka mitatu au minne unaweza kuieleza kwa hesabu hiyo. Miaka kumi ni vigumu. Mtu aliyekatwa uvimbe mwaka 1984 akawa hai mwaka 1994 hakupewa kalenda tu. Saratani ya ini isiyotibiwa haimwachi mtu muongo mzima. Watu kadhaa waliokolewa. Wangapi hasa, utafiti ule peke yake hauwezi kusema.

Ndiyo maana inabidi kuvuka bahari hadi China, ambako swali liliulizwa kwa ukali zaidi. Qidong ni mji ulio kwenye mdomo wa mto Yangtze, na saratani ya ini hapo ni janga la siku nyingi. Kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, wanaume 5,581 wenye virusi, umri wa miaka 30 hadi 69, waliingizwa kwenye utafiti: kundi moja likapimwa AFP kila miezi sita, jingine likaachwa kama kawaida. Kipimo kile kile, muda ule ule kama Alaska. Na kweli, waliopimwa waligunduliwa mapema zaidi: karibu 30% walikutwa katika hatua ya kwanza, dhidi ya 6% katika kundi jingine. Lakini vifo? Kwa kila miaka 100,000 ya ufuatiliaji, ukijumlisha miaka ya kila mtu aliyefuatiliwa, vifo vya saratani ya ini vilikuwa 1,138 upande wa waliopimwa na 1,114 upande wa wasiopimwa. Hakuna tofauti.

Niliposoma namba hizo mara ya kwanza nilizirudia nikidhani nimekosea safu. Watu waligunduliwa mapema, kisha wakafa vile vile. Watafiti wenyewe walitoa sababu bila kuficha: matibabu waliyopata waliogunduliwa hayakuwa na nguvu ya kubadili mwisho wao. Damu ilifanya kazi yake. Nyuma ya damu hapakuwa na kitu.

Shanghai, si mbali na hapo, watu karibu 19,000 waliingizwa kwenye utafiti mwingine kuanzia mwaka 1993, safari hii AFP pamoja na ultrasaundi kila miezi sita. Waliotimiza ratiba hawakufika hata 60%. Hata hivyo vifo vya saratani ya ini vilipungua kwa 37%, na moja ya tofauti kubwa ni kwamba karibu nusu ya waliogunduliwa na saratani katika kundi lililopimwa walifanyiwa upasuaji. Utafiti huu umekosolewa kwa namna makundi yalivyogawanywa, na ukosoaji huo una uzito. Lakini ukiuweka kando ya Qidong, na zote mbili kando ya Alaska, jambo moja linajitokeza, na ndilo ninalolisimamia: uwezo wa kipimo cha damu haumo ndani ya damu. Umo katika kile kinachotokea kati ya siku ambayo maabara imeona namba imepanda na siku ambayo mgonjwa amelala mezani kwa daktari wa upasuaji.

Alaska walikuwa na nini katika nafasi hiyo? Rejesta yenye jina la kila mbebaji, kijiji chake na tarehe ya kipimo cha mwisho. Barua mara mbili kwa mwaka. Mhudumu wa kijijini anayejua fulani amekwenda kuvua na atarudi lini. Kazi hiyo ya wahudumu haikuanza na homa ya ini. Mizizi yake ni miaka ya 1950, wakati wanakijiji walipofundishwa kugawa dawa za kifua kikuu, na tangu 1968 ikawa mpango rasmi unaolipiwa na serikali. Walikuwa na maabara moja, hospitali moja ya kupokea, na watu walewale wakifuatilia miaka na miaka. Hakuna teknolojia ya ajabu humo. Kuna mtu anayeona kwamba jina fulani halijaleta damu tangu Machi, akanyanyua simu.

Kuna sababu nyingine ya mafanikio yao ambayo wanaosifu kisa hiki huiruka, nayo ni muhimu kwa yeyote anayetaka kukiiga. Virusi vya homa ya ini B vina koo mbalimbali, yaani aina zinazotofautiana kijenetiki. Miongoni mwa wenyeji wa Alaska zimekutwa koo tano, na mwaka 2007 watafiti walipochambua wagonjwa wa saratani waligundua kwamba wengi wao, 68%, walikuwa na ukoo F. Umri wa kati wa kugunduliwa kwa hao ulikuwa miaka 22.5, kwa wenye koo nyingine, miaka 60. Sehemu kubwa ya jibu hilo ilitoka kwenye jokofu: damu zilizokusanywa tangu miaka ya 1980 zilikuwa zimehifadhiwa Anchorage, zikisubiri swali ambalo aliyezitoa hakulijua bado.

Kijana wa miaka 22 mwenye virusi mara nyingi ini lake halijajaa makovu. Damu yake imetulia, AFP yake iko chini miaka yote, na ikipanda inaonekana kama moshi kwenye anga tupu. Mzee mwenye makovu kwenye ini, ini linalojeruhiwa na kujitengeneza kila siku, AFP yake hupanda na kushuka bila saratani yoyote. Kwa wagonjwa wa namna hii, mpaka wa nanogramu 20 unaotumiwa sana hunasa takriban saratani 6 katika 10. Tuseme basi una wagonjwa 1,000 wenye makovu, 5 kati yao wana saratani sasa hivi, na kipimo kinawapa tahadhari ya bure 10 katika kila 100 wasio na saratani. Utanasa 3, utawakosa 2, na utawaita karibu 100 wakapigwe picha, walale wiki nzima wakiwaza kifo, halafu uwaambie hamna kitu. Katika hospitali yenye foleni ya CT skani, hao 100 ndio wanaozuia nafasi ya wale 3.

Ndiyo sababu miongozo ya leo husema ultrasaundi kila miezi sita, ikiambatana na AFP, na ndiyo sababu maabara zinatafuta damu iseme zaidi. Kuna hesabu inayoitwa GALAD, iliyotokea Uingereza, inayounganisha jinsia, umri, AFP, sehemu maalumu ya AFP iitwayo L3, na protini nyingine iitwayo DCP. Kuna pia vipimo vinavyosoma alama za kikemia kwenye vipande vya DNA vinavyomwagwa na uvimbe ndani ya damu. Nina matumaini navyo. Lakini kila ninapoona tangazo la kipimo kipya, ninawaza Qidong.

Hadi hapa sijaizungumzia Afrika Mashariki, ingawa msomaji atakuwa ameshaiona. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliokusanya wagonjwa wa saratani ya ini kutoka nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Tanzania na Uganda. Ukiiondoa Misri, wagonjwa walikuwa wa umri wa kati wa miaka arobaini na kitu, na nusu yao walikuwa wamekufa ndani ya miezi miwili na nusu baada ya kugunduliwa. Miezi miwili na nusu ni muda wa kuuza ng'ombe, kwenda hospitali ya rufaa mara mbili, na kurudi. Kwetu ukoo wa virusi unaotawala ni A, unaohusishwa na saratani ya mapema, na juu yake kuna sumukuvu kwenye mahindi na karanga, ambayo ikikutana na virusi hivi huzidisha hatari mara nyingi.

Kwa hiyo anayeishi na homa ya ini B asingoje maumivu upande wa kulia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilitaja ultrasaundi na AFP kila miezi sita kwa mwenye makovu ya ini, kwa mwenye ndugu aliyepata saratani hiyo, na kwa wenye zaidi ya miaka 40 ambao damu yao ina virusi vingi. Ndugu zetu walio Marekani wajue kwamba miongozo ya huko inasema mtu mwenye asili ya Afrika aanze mapema zaidi, katika miaka ya ishirini au thelathini. Daktari asiyezoea wagonjwa kutoka kwetu anaweza asilikumbuke, basi mkumbusheni. Na tenofovir, ambayo hospitali zetu zinaijua vizuri kutokana na tiba ya virusi vya ukimwi, hudhibiti pia homa ya ini B na kupunguza hatari ya saratani. Siyo kila mbebaji anaihitaji leo, ila kila mbebaji ana haki ya kuulizwa.

Kwa wanaosimamia vituo ninaomba jambo moja, tena la bei nafuu: daftari. Majina ya waliokutwa na virusi kwenye benki ya damu, kliniki ya wajawazito na wodi, namba ya simu, tarehe ya kurudi. Kabla ya kununua kipimo chochote kipya, mtu mmoja apewe kazi ya kulifungua daftari hilo kila Jumatatu na kupiga simu.

Alaska hawakuacha. Waliongeza ultrasaundi kwa walio katika hatari kubwa zaidi, dawa zilipokuja wakazitumia, na chanjo ya watoto wachanga iliendelea. Mwaka 1987 walikuwa na watu 657 wenye virusi walio chini ya miaka 20. Mwaka 2008 walibaki wawili. Tangu 1999 hadi utafiti huo ulipochapishwa mwaka 2011, hakuna mtoto wala kijana wa umri huo miongoni mwao aliyekutwa na saratani ya ini.

Rejesta sasa ni ya watu wazima, waliozaliwa kabla chanjo haijafika kijijini kwao. Kila mwaka umri wao unapanda na majina yanapungua. Barua bado zinatumwa, mara mbili.